Machozi ya Ave Verum

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mwezi wa tatu tulimzika mama mkubwa hapa Morogoro. Yeye alikuwa Mkatoliki kwa kuolewa. Mimi kwetu ni Tukuyu, nimelelewa Mmoraviani, na siku hizi kanisani naenda kwa nadra. Msiba mzima sikutoa chozi. Lakini kwenye misa, watu wakipokea komunyo, kwaya iliimba wimbo wa Kilatini, taratibu sana, nikalia mpaka nikashikwa mabega. Makaburini macho yakawa makavu tena. Baadaye nikaambiwa ni Ave Verum ya Mozart. Nimeitafuta mtandaoni, na kila nikiisikiliza nashindwa palepale, karibu na mwisho, wanapovuta neno moja refu. Kaka yangu anacheka, anasema masikio yangu bado yanatawaliwa na wakoloni: nyimbo za bibi hazinilizi, Kilatini nisichokijua ndicho kinaniliza. Naomba unieleze: ni muziki, ni msiba, au ni Mungu?"

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa kufiwa. Umeuliza mambo matatu na kaka yako kaongeza la nne, na usimpuuze, maana la kwake ndilo gumu. Nianze na lile neno refu, kwa sababu hapo umenipa kitu cha kushika mkononi.

Neno hilo ni mortis. Maana yake ni "ya kifo". Mstari mzima unaomba hivi: mwili huu wa Kristo tunaoupokea uwe kionjo chetu tutakapofika kwenye jaribu la kifo. Wewe Kilatini hukijui, hukuwa na karatasi ya maneno, na bado ulishindwa kujizuia kwenye neno lenyewe. Wapo watakaokuambia papo hapo kwamba huo ni muujiza. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kabla ya kutamka muujiza napenda kwanza kuangalia fundi alifanya nini.

Mozart, mtunzi wa Austria, aliuandika wimbo huu mwezi Juni 1791 huko Baden, mji mdogo wa chemchemi za maji moto karibu na Vienna. Mkewe Constanze alikuwa mjamzito, afya yake si nzuri, na alikuwa huko kwa ajili ya kuoga maji yale. Mtu aliyeombwa kuwatafutia chumba, ikiwezekana cha chini ili mama asipande ngazi, alikuwa Anton Stoll, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya ya parokia. Mozart alizoea kumtania kwenye barua, ila alijua kurudisha fadhila. Karatasi ya wimbo ina tarehe 17 Juni. Mwaka ule Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo iliangukia tarehe 23. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kwaya ya parokia anaelewa tarehe hizo mbili zinasema nini: siku sita, waimbaji ambao mchana wana kazi zao, na sikukuu kubwa inakuja. Huwaandikii watu kama hao kitu cha kujionyesha.

Ndiyo maana wimbo ni mfupi mno. Vipimo 46 tu kwenye karatasi ya nota, dakika tatu hivi, nne kwa kwaya zinazopenda kuvuta (na kwetu tunapenda kuvuta, lakini huo ni ugomvi wa siku nyingine). Sauti nne, vyombo vya nyuzi, na kinanda cha kanisa. Hakuna anayeimba peke yake. Hakuna nota ya juu ya kutisha. Mwanzoni kabisa Mozart ameandika wimbo uende polepole na uimbwe kwa sauti ya chini, kisha hakuweka tena agizo lolote la kupaza wala kupunguza hadi mwisho. Kwaya inayopiga kelele katikati ya Ave Verum imejitungia mambo yake.

Sasa sogea karibu. Kama uliwahi kuimba kwa solfa, yaani do, re, mi, na Wamoraviani wengi mmepita hapo, jaribu Ave mbili za mwanzo. Ya kwanza soprano wanaimba so, wanapanda do ya juu, wanashuka mi. Hapo kila kitu kiko wazi, jua limetoka. Ya pili wanaanza tena kwenye so ileile, lakini badala ya kupanda wanateleza: so, fi, fa. Nusu hatua, kisha nusu hatua nyingine. Huku chini besi karibu hawajasogea. Ile fi haina kwao pale. Ni nota ngeni, inagusana vibaya kidogo na besi iliyokaa kimya, halafu inaachia. Inapita upesi kiasi kwamba wasikilizaji wengi hawawezi kuionyesha, lakini mwili umeshaisikia. Ndani ya sekunde chache za kwanza umekwisha kuonjeshwa utamu na mkwaruzo kwa pamoja, na vyote kwa sauti ya chini.

Baada ya hapo wimbo unatembea kama wimbo wa kanisa wa kawaida. Maneno yanataja kuzaliwa na Bikira, mateso, msalaba, na muziki unapanda kutoka D meja kwenda A, njia ambayo kila mwanakwaya anaijua. Nyuzi zinapumzisha kidogo. Ndipo linakuja shairi la ubavu uliochomwa, ukatoka maji na damu, na hapo muziki unageuka upande ambao sikio halikuutegemea, kuelekea F. Hakuna aliyeongeza sauti, hakuna ngoma iliyopigwa. Ni rangi tu ya mwanga iliyobadilika ghafla. Nikifundisha kipande hicho, huwa najua kwaya imekielewa pale waimbaji wenyewe wanapoacha kuangalia huku na huko.

Kisha ndiyo sehemu yako. Mpaka hapo sauti zote nne zimekuwa zikisema maneno kwa pamoja, silabi kwa silabi. Kwenye sala ya mwisho zinaachana: wanawake wanatangulia, wanaume wanafuata nyuma kwa kipimo kimoja na wimbo uleule. Ghafla hakuna mahali pa kupumulia, kwa sababu kundi moja likimaliza lingine bado liko njiani. Wanakutana tena, wanasema "katika jaribu la kifo", na wimbo ungeweza kabisa kuishia pale. Sikio limeshajiandaa. Mozart haishii. Anayarudia maneno yale, na safari hii silabi ya kwanza ya mortis anaivuta, kipimo baada ya kipimo, anaizungusha, anakataa kuitua. Wewe uliyekaa kwenye benchi umeshaambiwa kwamba mwisho umefika, mwili umeanza kuachia pumzi, na sasa unalazimishwa kuishikilia. Neno linalovutwa ni kifo. Linapotua hatimaye, linatua taratibu, na nyuzi zinafunga kwa vipimo vichache tu.

Kwa hiyo hukulilia Kilatini. Ulilia kusubirishwa.

Hili halijabaki mikononi mwetu sisi walimu wa kwaya. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Uingereza, John Sloboda, alichapisha matokeo ya kuwauliza watu ni sehemu gani hasa za muziki zinazowatoa machozi, zinazowasimamisha nywele, zinazowapiga moyo. Hakutaka jina la wimbo tu, alitaka mahali penyewe. Machozi yalikuwa yakikaa zaidi penye nota inayoegemea: nota isiyo ya mahali pale, inayokaa juu ya chodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) kama mgeni, halafu inashuka hatua moja na kupata nyumba. Kusisimka mwili kulikuwa zaidi pale chodi zinapogeuka bila kutarajiwa. Rudia maelezo yangu ya Ave Verum na utaona vyote viwili vimo. Miaka 20 baadaye watafiti wa Montreal, Kanada, waliwapima watu ubongo wakisikiliza muziki unaowasisimua, wakaona ubongo ukimwaga dopamini, ile kemikali inayotoka mtu anapopata kitu anachokitamani, kwa awamu mbili na katika sehemu mbili tofauti: moja kabla ya kilele, mtu akiwa bado anasubiri, nyingine kwenye kilele chenyewe. Kusubiri nako kuna malipo yake. Watunzi walilijua hilo bila mashine yoyote.

Kuna kitu kingine ambacho rekodi ya mtandaoni haikupi, na nadhani ndicho kilichokushika mabega siku ile kabla ya ndugu zako kukushika. Watu thelathini au arobaini walikuwa wakipumua pamoja mbele yako. Huko Göteborg, Uswidi, mwaka 2013, kundi la mtafiti Björn Vickhoff lilipima mapigo ya moyo ya vijana wakiimba pamoja, likaona kwamba wanapoimba wimbo wenye mistari mirefu na mahali maalumu pa kupumulia, mioyo yao inaanza kupanda na kushuka kwa mwendo mmoja. Sababu haina uchawi: kuimba mstari mrefu ni kutoa pumzi polepole, na pumzi inayotoka polepole inashusha mapigo ya moyo. Watu wakivuta na kutoa pumzi mahali pamoja, na mioyo inafuata. Anayewatazama kutoka kwenye benchi naye hujikuta akipumua nao. Angalia kifua chako siku nyingine. Ongeza dari refu la kanisa, ambalo linaishikilia sauti baada ya midomo kufungwa, na utaelewa kwa nini dakika tatu zile zilikuwa nzito kuliko kwenye simu.

Tuje kwenye msiba wenyewe. Umesema hukutoa chozi, kana kwamba ni kosa. Nina swali dogo: siku zile tatu ulikuwa unafanya nini? Naweza kubahatisha. Ulikuwa kwenye kamati. Umepokea michango, umeandika majina, umepiga simu ya turubai na viti, umegombana na mtu kuhusu mchele, umewapokea wageni wa Mbeya waliofika usiku, umeulizwa mara kadhaa picha ya marehemu ya kuweka kwenye jeneza iko wapi. Misiba yetu ya mjini siku hizi ina ratiba, ina mshereheshaji, ina saa ya kuaga na saa ya kutoka. Hata makaburini kuna orodha ya wenye mashada. Mtu mwenye majukumu hapewi nafasi ya kuvunjika. Akivunjika, chakula hakitoki. Kisha ukaingia kanisani, ukakaa. Wakati wa komunyo wewe si Mkatoliki, hukupanga mstari. Kwa mara ya kwanza tangu simu ile ya usiku hukuwa na kazi yoyote ya kufanya, na hakuna aliyekuwa akisema nawe. Mozart alikukuta hapo.

Ninaamini, na hapa nasema kwa kuona kwaya nyingi na misiba mingi, kwamba muziki wa namna hii hauleti huzuni ambayo haikuwepo. Unaipa huzuni muda na umbo. Unaanza, unajulikana utaisha, hauna mtu anayekuuliza chochote. Ndiyo maana makaburini ulikuwa mkavu: umeshashusha mzigo, na orodha ya mashada ilikuwa inasubiri.

Na hapo ndipo kaka yako ana hoja, ingawa hajaimaliza. Ni kweli kwamba masikio hufundishwa. Watu wa kabila la Tsimane, msituni Bolivia, walipopigiwa mlio unaokwaruza na mlio uliopatana, walisema yote inapendeza sawasawa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2016 na ukawashtua wengi waliodhani kupatana kwa chodi ni sheria ya maumbile. Kwa upande mwingine, Wamafa wa milima ya Kamerun, ambao walikuwa hawajawahi kusikia muziki wa Ulaya, waliweza kutambua kipande kipi ni cha furaha, kipi cha huzuni na kipi cha hofu zaidi ya mtu anayebahatisha. Huo ulikuwa mwaka 2009. Basi kitu fulani kinavuka mipaka, hasa mwendo na namna sauti inavyoinuka na kushuka, na kitu kingine ni cha kufundishwa. Ile fi yetu haiumi kwa mtu ambaye hajawahi kuizoea do.

Lakini wewe uliizoea wapi? Kaka yako amesahau mlikotoka. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, hapo juu ya Tukuyu yenu, na walikuja na vitabu vya nyimbo kabla hawajamaliza kujenga nyumba. Ni kanisa ambalo tangu lilipoamka upya huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, uimbaji wa pamoja ndio moyo wake. Wewe umelelewa na sauti nne. Ulizisikia mgongoni mwa mama yako, kabla hujajua kusema "maji". Bibi yako aliziimba akifua. Sasa muulize kaka: hizo nyimbo za bibi anazosema hazikulizi, ni zipi hasa? Akizitaja, nadhani nusu zitakuwa tenzi zilizosafiri kutoka Saksonia. Siku ya Ave Verum hukuvamiwa na kitu kigeni. Uliguswa kwa lugha ya sauti ambayo familia yenu inaiongea kwa vizazi vinne au vitano.

Nusu nyingine, hata hivyo, ni ya kaka. Wanyakyusa wa zamani walikuwa na namna yao ya kuzika ambayo wageni walioishi nao waliiandika kwa mshangao: wanaume wakicheza ngoma nzito mbele ya nyumba ya msiba, mikuki mkononi, wanawake wakilia kwa sauti, kwa mpangilio, kila mmoja akijua zamu yake na wajibu wake. Kilio hakikuwa kitu cha kumponyoka mtu. Kilikuwa kazi, na kilikuwa na muziki wake. Wamishenari waliiona ni fujo ya kipagani wakaipiga vita. Baadaye mji nao ukaleta ratiba na mshereheshaji. Pengo lililobaki linajazwa na kwaya, kwa sababu ndiyo iliyobaki na ruhusa ya kumfanya mtu asimame na kulia hadharani. Kaka yako akiuliza kwa nini nafasi hiyo ilibidi ijazwe kwa Kilatini, ameuliza vizuri. Wapo waliouliza kabla yake. Padre Stephen Mbunga wa kusini mwa nchi yetu alichapisha mwaka 1963 utafiti mzima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, akitetea kwamba muziki wetu unaweza kubeba ibada. Mwezi Desemba mwaka uleule Mtaguso wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia iliyofungua mlango wa lugha za wenyeji. Kilichofuata unakisikia kila Jumapili: kayamba, marimba, na watunzi wa Kitanzania wasiohesabika. Mimi mwenyewe nimeona waumini wakitokwa machozi kwa wimbo wa Kiswahili wa mtunzi wa jirani, na sijawahi kuona haja ya kuupima na Mozart.

Hili la lugha usilibebe kama aibu. Pwani watu hububujikwa kwa kisomo cha Kurani ambacho Kiarabu chake hawawezi kukufasiria neno kwa neno. Lugha usiyoielewa inakunyima kitu na inakupa kitu. Inakunyima maana, inakupa sauti tupu ya binadamu anayeomba, na kwenye sauti hiyo unaweka marehemu wako mwenyewe.

Limebaki swali lako la tatu, la Mungu. Mimi ni mtu wa imani, lakini nitakujibu kwa uangalifu, kwa sababu historia ya muziki mtakatifu inamkataza mtu kuharakia jibu. Mfano mmoja. Mwaka 1601 Mjerumani Hans Leo Hassler alichapisha wimbo wa mapenzi: kijana anasema msichana amemvuruga akili. Baadaye mahadhi yale yale yakavalishwa maneno ya kichwa cha Yesu chenye miiba na damu, na mtunzi Bach akayaweka mara tano katika Mateso yake kwa mujibu wa Mathayo, yaliyoimbwa Leipzig Ijumaa Kuu ya mwaka 1727. Leo Walutheri na Wamoraviani wanayaimba Ijumaa Kuu na hakuna anayemfikiria yule msichana. Kama utakatifu ungekuwa ndani ya nota, ungekuwa umetoka wapi?

Aliyewahi kulisumbukia jambo hili kuliko wote ni Mwafrika mwenzetu, Agostino, askofu wa Hippo, pwani ya nchi tunayoiita leo Algeria. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake anakumbuka machozi yaliyomtoka kwa nyimbo za kanisa siku za mwanzo za imani yake, na anakiri kwamba zilimsaidia. Halafu anageuka na kujishika: pale inapotokea kwamba uimbaji unanigusa kuliko kile kinachoimbwa, asema, nimetenda dhambi, na afadhali nisingemsikia mwimbaji. Kisha anayumba tena, hawezi kuzipiga marufuku. Karne 16 zimepita na mimi sina jibu bora kuliko kuyumba kwake. Nikiwa mbele ya kwaya najua nota ipi itawaliza watu na najua kwa nini. Kujua huko hakujanizuia mimi mwenyewe kulia, wala hakujaniambia ni nani aliyeko upande wa pili wa sala ile. Mtu akikuambia machozi yako ni ushahidi kwamba umeokoka, au akikuambia ni kemikali tu nenda zako, wote wawili wamekimbilia kumaliza mazungumzo.

Kuhusu kuusikiliza tena na tena mtandaoni: endelea, lakini badilisha namna. Kwanza tafuta rekodi ya kwaya ndogo, isiyopungua mwendo sana. Zile za kwaya kubwa zenye mwendo wa jeneza hukuchosha kabla ya mortis. Pili, sikiliza mara moja ukifuata besi peke yao, toka mwanzo hadi mwisho, usiwajali soprano. Utashangaa jinsi wasivyofanya karibu chochote mwanzoni, na jinsi wanavyoingia nyuma ya wanawake kwenye sala ya mwisho. Hofu ya watu wengi ni kwamba wakijua ufundi watapoteza machozi. Sijaona ikitokea kwa mwanakwaya yeyote. Kinachopotea ni ule mshtuko wa kuvamiwa. Kinachokuja badala yake ni kwamba unaona mahali panapokaribia na unaamua mwenyewe kwenda.

Ukitaka kuendelea mbele, usirukie misa ndefu. Nenda kwenye Lacrimosa, kipande cha Requiem (misa ya wafu), ambayo Mozart alikuwa akiiandika kuelekea kifo chake tarehe 5 Desemba mwaka uleule wa 1791, akiwa na miaka 35. Mkono wake katika kipande hicho unaishia kwenye kipimo cha nane, sauti zikiwa zinapanda ngazi hatua kwa hatua. Yaliyobaki yalimaliziwa na msaidizi wake, Süssmayr. Sikiliza pale panapopanda, kisha jiulize kama ungejua mahali mkono ulipobadilika. Halafu nenda kwa Bach, kwenye yale mahadhi ya Hassler, na kitabu cha nyimbo cha nyumbani kwenu kikiwa mapajani, maana nadhani yamo humo.

Na jambo ninalolipendelea kuliko yote: nenda kauimbe. Kwaya nyingi hapo Morogoro zina Ave Verum kwenye kabati, nakala zilizochoka za solfa, na hakuna mwalimu anayemkataa mtu aliyelelewa na sauti nne za Kimoraviani. Omba uwe alto. Soprano wana wimbo, alto wana zile nusu hatua za katikati zinazofanya kazi chafu yote, na hakuna anayewatazama. Mwambie mwalimu mpange mapema nani anapumua wapi kwenye mortis, kwa zamu, ili mstari usikatike. Pumzi mtu anaiiba katikati ya silabi, kamwe si kabla ya examine (lile neno la "jaribu" linalofuata), na anarudi kwa sauti ndogo kuliko aliyoondoka nayo.